Je, joto la shokapu kwenye barabara ya vumbi linaweza kurudishwa kuwa nishati na kupunguza matumizi ya dizeli?

Dereva wa Sakina

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Mimi ni dereva wa watalii hapa Arusha, na gari ninaloendesha ni Land Cruiser ya dizeli iliyorefushwa, yenye paa la kufunguka na friji ndogo ya vinywaji. Njia yangu ya mara kwa mara inapita Makuyuni, Karatu na lango la Loduare, kisha inaambaa ukingo wa kreta ya Ngorongoro na kuteremka kuelekea Naabi, lango la hifadhi ya Serengeti, hadi Seronera. Mpaka Karatu tunakwenda kwenye lami na gari linatulia, lakini tukishauacha ukingo wa kreta tunaingia kwenye vumbi lenye vituta vidogo vinavyofuatana kwa ukaribu, na kutoka hapo gari linatetemeka bila kupumzika.

Kila ninaposimama Naabi kushughulikia vibali, huzunguka gari kukagua matairi na sehemu za chini. Vumbi huganda kwa unene juu ya shokapu za nyuma, hasa pale oili inapoanza kuchuruzika kwenye sili, na ukiweka kiganja kwenye mwili wa shokapu utakiondoa papo hapo, ilhali chesisi iliyo shubiri moja tu kutoka hapo ina joto la kawaida la jua. Joto lile halikuanguka kutoka mbinguni. Limetoka kwenye dizeli iliyojazwa Arusha.

Mpwa wangu anasoma ufundi wa magari chuoni hapa mjini, naye ameniambia kwamba kampuni ya Audi iliwahi kutengeneza shokapu inayozalisha umeme kutokana na mtikisiko wa gari. Anataka kuifanya kazi hiyo kuwa mradi wake wa mwaka wa mwisho, na ameomba kutumia gari ninaloendesha kwa majaribio wakati wa masika, ambapo safari ni chache. Kabla sijamwombea ruhusa kwa mwenye gari, ningependa kufahamu kutoka kwa wenye ujuzi kama nishati hiyo ni kubwa kiasi cha kuonekana kwenye tangi, na kama kuichukua hakutaiongezea injini mzigo mwingine, kwa sababu alteneta nayo inatoa umeme lakini tunajua kwamba injini ndiyo inayoulipia.

Mhandisi wa Tengeru

Ndugu Dereva, swali lako limekaa mahali pake, na sehemu ya mwisho ndiyo nitakayoanza nayo kwa kuwa wengi hukosea hapo. Ni kweli kwamba kila nishati inayopatikana kwenye shokapu imetoka kwenye injini. Gurudumu linapopanda kituta, injini ndiyo inayolisukuma lipande. Springi inabanwa, kisha inataka kuirudisha nishati hiyo kwa kulirusha gari juu na chini, na kazi ya shokapu ni kuipokea na kuimaliza ili gari lisiendelee kuruka. Shokapu ya kawaida huimaliza kwa kuilazimisha oili ipite kwenye matundu madogo ya vali, oili inapata joto, na joto linapotelea hewani. Ukiweka jenereta mahali pa zile vali, na jenereta hiyo ikazuia mtikisiko kwa kiasi kile kile ambacho oili ilikuwa inazuia, injini haiongezewi mzigo hata kidogo, kwa sababu gharama hiyo ilikuwa inalipwa tangu zamani. Hapo ndipo tofauti yake na alteneta ilipo.

Kuhusu ukubwa wa nishati yenyewe, Audi mwaka 2016 walieleza mfumo wao waliouita eROT, ambao badala ya shokapu ya mrija una mkono unaozungusha gia na mota ya umeme ya volti 48. Katika majaribio yao kwenye barabara za Ujerumani walipata wastani wa wati 100 hadi 150 kwa gari zima. Kinachopaswa kutushughulisha sisi wa huku zaidi ni ncha mbili za wastani huo: kwenye barabara kuu yenye lami mpya walipata wati 3 tu, na kwenye barabara mbovu walipata wati 613. Profesa Lei Zuo, aliyefanya utafiti wa jambo hili katika chuo kikuu cha Stony Brook huko New York, alikadiria pamoja na mwenzake kwamba gari la abiria linalokwenda takriban kilomita 97 kwa saa kwenye barabara nzuri na za wastani linaweza kutoa kati ya wati 100 na 400. Utafiti huo ulionyesha pia jambo ambalo mpwa wako alizingatie sana: nishati inayoingia kwenye shokapu inategemea hasa ubovu wa barabara, mwendo wa gari na ugumu wa tairi, wakati uzito wa gari, springi na shokapu yenyewe vina athari ndogo.

Kwa nini barabara mbovu inatoa nyingi kiasi hicho? Wati zinazopotea kwenye shokapu zinakua kwa mraba wa kasi ya pistoni yake. Tuchukue shokapu inayozuia kwa nguvu ya nyutoni 2,000 kwa kila mita moja kwa sekunde. Pistoni ikienda kwa wastani wa mita 0.2 kwa sekunde, gurudumu moja linapoteza wati 80, na magurudumu manne wati 320. Kasi hiyo ikiongezeka maradufu hadi mita 0.4 kwa sekunde, gurudumu moja linapoteza wati 320 na gari zima linakaribia wati 1,300. Ndiyo maana kiganja chako hakivumilii ukifika Naabi, ilhali ukisimama Karatu baada ya lami shokapu zina uvuguvugu tu.

Sasa tuipeleke hesabu hiyo kwenye tangi. Tuseme jenereta zinakupatia wati 300 za umeme zinazofika kwenye betri. Alteneta ya gari lako inageuza kuwa umeme kama asilimia 55 ya kazi inayopewa na mkanda, kwa hiyo umeipunguzia injini karibu wati 545. Injini ya dizeli nayo, tukiipa asilimia 30, ingechoma dizeli yenye nguvu ya takriban wati 1,800 ili kuitoa kazi hiyo. Lita moja ya dizeli ina karibu kilowati-saa 10, hivyo kwa saa nzima unaokoa lita 0.18. Ikiwa kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo hifadhini, gari lako linakunywa lita 7 kwa saa, umeokoa asilimia 2.6. Si kidogo, lakini si muujiza. Audi wenyewe walitaja upungufu wa hadi gramu 3 za hewa ya ukaa kwa kilomita, ambao kwa gari la dizeli ni kama lita 0.11 kwa kilomita 100.

Kuna mpaka mmoja zaidi ambao matangazo ya kibiashara hayausemi kwa uwazi. Gari lisilo na mota ya umeme ya kusaidia magurudumu haliwezi kuutumia umeme huo kwa kazi nyingine isipokuwa kupumzisha alteneta. Ikiwa friji, taa, redio na chaji za kamera za wageni vinakula wati 300, basi wati ya 301 haina pa kwenda, hata kama barabara inakupa 1,000.

Fundi wa Majengo, Moshi

Namuunga mkono Mhandisi katika hesabu, nami nitasema upande wa gereji, maana shokapu za magari ya utalii zimepita mikononi mwangu kwa miaka mingi.

La kwanza kumwambia kijana ni kwamba asiondoe shokapu akaweka jenereta peke yake. Jenereta inazuia mwendo pale tu umeme unapotoka kwenda mahali. Waya ukikatika, au betri ikijaa na kidhibiti kikafunga njia, koili inabaki haina mzigo, na gurudumu linakuwa kama halina shokapu kabisa. Tairi litaanza kudunda, na tairi linalodunda halishiki barabara. Kwenye mteremko wa vumbi wenye kona, gari lina abiria na mizigo, hilo linaua. Lazima kuwe na rezista kubwa ya kuumalizia umeme uliozidi, tena iunganishwe kwa namna ambayo mfumo ukifa, umeme unaelekea huko wenyewe bila kungoja amri ya kompyuta. Hata dayodi za kawaida, zile zinazoruhusu umeme upite upande mmoja tu kwenda kwenye betri, zina tatizo kama hilo kwa kiwango kidogo: mwendo wa pistoni ukiwa mdogo, volti inayozalishwa haifikii ile ya betri, mkondo haupiti, na gari linabaki linayumba taratibu kwenye lami mahali ambapo shokapu ya oili ingelituliza.

La pili ni vumbi. Mnajua vumbi la huko Olduvai na Ndutu, ni laini kama unga na linapenya hata pale maji yasipopenya. Shokapu ya kawaida ina sili moja inayosuguana na fimbo iliyong'arishwa, na bado hapo ndipo tunapoona ugonjwa unapoanzia. Mfumo wa meno, ambao fimbo yenye meno inazungusha gia ndogo, unabadili mwelekeo mara nyingi kwa kila sekunde. Kwenye vile vituta gurudumu hupanda na kushuka hata mara 15 au 20 kwa sekunde, na meno ya gia yakishapata nafasi kidogo yanagongana kila linapogeuka. Watafiti waliotumia klachi za upande mmoja, ili jenereta izunguke upande mmoja tu fimbo ikipanda au ikishuka, walipunguza tatizo hilo, lakini klachi hizo nazo zinataka usafi. Mfumo wa sumaku inayopita ndani ya koili hauna gia za kuchakaa, ila unahitaji sumaku nyingi na nzito ili utoe nguvu inayolingana na oili. Kwa mazingira yetu ningechagua wa haidroliki, ambamo oili inasukumwa kupitia mota ndogo iliyofungwa juu kwenye chesisi, mbali na mawe na vumbi.

Tena asisahau kwamba nyuma ya magari haya kuna springi za bapa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Zile bapa zinasuguana, na sehemu ya nishati ya mtikisiko inaishia hapo kabla haijafika kwenye shokapu. Mbele, kwenye springi za kuzunguka, hakuna msuguano huo, kwa hiyo ningeanzia mbele.

Mama Mwenye Magari, Njiro

Nimesoma kwa makini kwa sababu dizeli ndiyo gharama inayoniumiza kichwa kila msimu. Kwa mwenye gari moja, asilimia 2.6 inaweza kuonekana ndogo, lakini kwa mwenye magari kadhaa yanayotembea tangu Juni hadi Oktoba, hiyo ni pesa ya kununulia matairi. Hata hivyo siwezi kufunga kifaa ambacho kikiharibika Seronera hakuna fundi wa kukigusa, na wageni wangu wamekaa juani.

Ninalotaka kuuliza ni jambo la mbele kidogo. Baadhi ya wenzetu wameanza kubadilisha magari ya utalii yawe ya umeme kamili, nami nafikiria kufanya hivyo kwa gari moja. Gari la umeme halina ule mpaka wa alteneta alioueleza Mhandisi, kwa kuwa kila wati inaweza kurudi kwenye betri na kuendesha magurudumu. Je, huko shokapu za umeme hazitakuwa na maana zaidi?

Mhandisi wa Tengeru

Mama, umeona vizuri; mpaka ule unaondoka kabisa, na wati 600 za barabara mbovu zinaweza kuingia zote kwenye betri. Lakini kwenye gari la umeme kuna mshindani mwenye nguvu kuliko shokapu, nao ni mteremko.

Chukua gari la tani 3 pamoja na abiria linaloshuka ndani ya kreta kwa njia ya Seneto. Kina cha kreta ni takriban mita 600, kwa hiyo nishati inayoachiliwa ni kilo 3,000 mara 9.81 mara mita 600, yaani karibu kilowati-saa 4.9. Gari la dizeli linaimaliza nishati yote hiyo kwenye breki, kwenye injini inayozuia kwa gia ndogo na kwenye msuguano wa matairi. Gari la umeme linaweza kuirudisha kwa mota ile ile inayoliendesha, bila kifaa cha ziada. Hata kama nusu itapotea kwenye matairi, mota na betri, unabakiwa na kilowati-saa 2.4 hivi. Shokapu zinazotoa wati 300 zingehitaji saa 8 za kuendesha ili kufikia kiasi hicho.

Kwa hiyo fedha yako ya kwanza uiweke kwenye betri nzuri na kidhibiti cha mota kinachojua kurudisha umeme kwenye mteremko. Shokapu zije baadaye, na zikija, nadhani faida yake kubwa itakuwa kwenye utulivu wa gari kuliko kwenye umeme. Nalisema hili kwa kutazama historia ya kazi yenyewe. Mwaka 2009 wanafunzi wa chuo cha teknolojia cha MIT huko Marekani walitangaza shokapu ya haidroliki iliyoitwa GenShock, wakieleza kwamba kwenye lori zito lenye shokapu sita, kila moja iliweza kutoa wastani wa hadi kilowati 1 kwenye barabara ya kawaida. Kampuni waliyoianzisha, Levant Power, baadaye iliitwa ClearMotion, na mwaka 2017 ilinunua teknolojia ya springi za umeme ya Bose, iliyooneshwa hadharani mwaka 2004. Walioanza na habari ya mafuta waliishia kwenye starehe ya abiria, kwa sababu mota inayoweza kuzalisha umeme gari likitikisika inaweza pia kupewa umeme ili ilizuie gari lisitikisike. Mgeni aliyelipia safari ya siku kadhaa anaujali mgongo wake zaidi ya wati zako, na wewe mwenye gari unazijali bodi, bushi na vioo vinavyolegea kila msimu.

Kwa magari yako ya dizeli ya sasa, upepo wa matairi, uzito wa mizigo iliyo juu ya paa na mwendo wa dereva vitakupa zaidi ya hiyo asilimia 2.6 bila kununua chochote. Hapa nimtahadharishe Ndugu Dereva: kupunguza upepo kidogo kwenye vumbi kunalainisha tairi na kupunguza nishati inayofika kwenye shokapu, lakini tairi lenyewe linaanza kuila kwa kujikunja, na likirudi kwenye lami bila kujazwa linaongeza matumizi na kuchakaa pembeni. Beba pampu, ujaze unapofika Karatu.

Dereva wa Sakina

Nawashukuru sana, na Mzee Fundi shikamoo. Nimemsomea mpwa wangu majibu yote. Hajakata tamaa, bali ameona kwamba kutengeneza shokapu nzima kwa muda wa mwaka mmoja kutamshinda, na chuo hakitamruhusu kuifunga kwenye gari linalobeba watu. Anauliza kama anaweza kufanya kazi yenye thamani kwa kupima tu ni nishati kiasi gani inayopotea kwenye barabara zetu, na apime vipi bila vifaa vya bei kubwa.

Fundi wa Majengo, Moshi

Marahaba. Hiyo ndiyo kazi ningependa kuiona ikifanyika, maana takwimu hizi zote tulizozitaja ni za barabara za Ulaya na Marekani. Atafute sensa ya kupima urefu, ile ya fimbo inayoingia na kutoka, aifunge sambamba na shokapu ya mbele, upande mmoja kwenye ekseli na mwingine kwenye chesisi, aivishe mpira wa kuzuia vumbi. Aiunganishe na kifaa cha kurekodi kinachosoma angalau mara 200 kwa sekunde. Akisoma polepole zaidi atavipoteza vile vituta vidogo, na ndivyo vyenye nishati. Kutoka kwenye urefu anapata kasi.

Kisha aniletee shokapu yenyewe au aipeleke chuoni, ipimwe inazuia kwa nguvu kiasi gani kwa kila kasi, wakati wa kubanwa na wakati wa kuvutwa, kwa sababu pande hizo mbili hazilingani. Shokapu nyingi huzuia zaidi zinapovutwa. Akizidisha nguvu hiyo kwa kasi kwa kila nukta ya rekodi, anapata wati.

Mhandisi wa Tengeru

Naongeza mambo mawili tu. Abandike kipimajoto kwenye mwili wa shokapu na kingine kwenye chesisi, ili joto litumike kuhakiki hesabu ya wati: vikikinzana, kuna kosa mahali. Na asipime barabara moja. Achukue lami ya Arusha hadi Moshi, ambayo ni kama kilomita 80, achukue vumbi la kutoka ukingo wa kreta hadi Naabi, na achukue barabara ya mashambani yenye mawe, kila moja kwa mwendo wa namna mbili au tatu, tairi zikiwa na upepo ule ule. Aandike pia umeme unaotumika garini katika kila safari kwa kupima mkondo unaotoka kwenye alteneta, kwa sababu huo ndio utakaoonyesha ni sehemu gani ya wati za shokapu ingeweza kutumika kweli.